Koyote akishauawa, mzoga unaenda wapi? Niliyoyaona Nebraska nikiwa mchuna ngozi

#1 MchunaNgozi

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya humu. Leo nimeamua kuanzisha uzi kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni tangu majira ya baridi yaliyopita.

Naishi Nebraska, Marekani, nafanya kazi kiwanda cha nyama. Marehemu baba alikuwa mchuna ngozi machinjio ya Vingunguti, Dar, na likizo za shule nilikuwa pembeni yake nikinoa visu. Kuna mzee mmoja tunafanya naye kazi, ana ng'ombe wake kule kwenye vilima vya mchanga wanakoita Sandhills. Aliposikia najua kuchuna akaniambia: njoo Desemba, mimi nitapiga, wewe utachuna.

Anayewindwa ni koyote. Kwa asiyemjua, ni ndugu wa mbweha wetu, ila ni mkubwa zaidi na manyoya yake ni mazito. Huku magharibi huwa na kilo 10 hadi 16 hivi. Jina limetoka kwa Waazteki, ambao kwa lugha yao ya Kinahuatl walimwita coyotl. Yupo majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii. Mbwa mwitu wa huku (wolf) walipomalizwa sehemu nyingi za nchi hii, yeye ndiye aliyejaza nafasi. Nebraska mkazi wa jimbo hahitaji kibali kumwinda, na anawindwa mwaka mzima.

Siku hiyo baridi ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Tulilala kifudifudi juu ya kilima, mzee akawasha kifaa kinachotoa sauti ya sungura aliyeumia. Dakika kumi hivi, koyote akatokea bondeni, akazunguka akitafuta upepo ili anuse kwanza. Risasi moja, akalala. Risasi iliingilia ubavuni kwa kitundu kidogo kama punje ya dengu, ikatokea upande wa pili kwa tundu la kuingiza ngumi.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, na hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali. Nitaeleza kuchuna kwenye bandiko linalofuata. Kwa sasa nijibu swali ambalo kila Mswahili ananiuliza: wakishamuua wanamfanyia nini?

Wengine wanauza ngozi. Wengine wanapeleka vichwa serikalini wakalipwa. Wachache wanasafisha mafuvu au wanampeleka kwa fundi wa kukausha wanyama awe pambo la ukutani. Wapo wafugaji wanaowatundika kwenye waya wa uzio wa shamba, kichwa chini, wakaukie hapo. Hiyo ya uzio ni desturi ya zamani. Wanasema koyote wengine wakiona watakimbia, ingawa mzee wangu mwenyewe haamini, anasema ni namna ya mfugaji kumwonyesha jirani kwamba amefanya kazi.

Na wengi, wengi sana kwa sasa, wanamwacha pale pale alipoanguka.

#2 Kibatari

Mkuu, nyama je? Hakuna anayekula?

#3 Sharifu wa Makadara

Kibatari, kwetu sisi hilo halina mjadala. Mnyama mwenye chonge anayewinda kwa meno yake haliwi. Ila nami nataka kujua kwa hao wasio na katazo, wanamwachaje nyama yote hiyo?

#4 MchunaNgozi

Ni wachache mno wanaokula. Mzee aliwahi kuonja alipokuwa kijana, akasema ni nyama ngumu yenye harufu ya mbwa aliyelowa mvua. Lakini ukiacha ladha, kuna minyoo. Koyote hubeba trikinela, ule mnyoo unaojificha ndani ya msuli, kama wa nguruwe. Anayekula lazima apike mpaka ndani kabisa pasibaki wekundu.

Hata kumshika tu kuna utaratibu. Kichaa cha mbwa kipo. Viroboto wapo, na kule magharibi viroboto vinaweza kubeba tauni. Mzee hakuniruhusu nimguse kwa mkono mtupu. Tulimtia kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, tukapuliza dawa ya viroboto, tukafunga tukasubiri. Tulipofungua, viroboto vilikuwa vimetapakaa chini ya mfuko kama ufuta uliomwagika. Ndipo nikavaa glavu mbili mbili nikaanza.

Sasa kuchuna kwenyewe. Wakuu, mimi nimezoea ng'ombe na mbuzi, unapasua katikati ya tumbo unafungua ngozi kama shuka. Koyote hapasuliwi tumbo. Unamtundika kwa miguu ya nyuma, unakata mstari mmoja kutoka kisigino cha mguu huu, kupitia nyuma ya paja, hadi chini ya mkia, kisha mguu wa pili vivyo hivyo. Mfupa wa mkia unauvuta utoke wote, vinginevyo mkia unaoza. Halafu unashuka nayo kama mtu anayevua soksi, ngozi inageuka ndani nje. Mafundi wanapimana kichwani: gegedu la masikio unakata karibu na fuvu, kope zibaki nzima, midomo ibaki, na pua itoke na ngozi. Kisu kikiteleza machoni, bei imeshuka.

Baada ya hapo unaivisha kwenye gogo lililochongwa mviringo, unaparura mafuta na nyamanyama kwa kisu chenye mipini miwili. Mimi kwa mazoea ya nyumbani nikaenda kuchukua chumvi. Mzee akanishika mkono. Ngozi ya manyoya ya kupeleka sokoni huku haiwekwi chumvi, inakaushwa kwa hewa tu; chumvi ni ya ile inayokwenda kwa fundi wa kuitengeneza moja kwa moja. Unaiwamba kwenye fremu, manyoya ndani. Siku ya pili, ikianza kunatanata, unaigeuza manyoya nje. Ukichelewa saa chache inakuwa ngumu kama ubao, ukilazimisha inachanika.

Tundu la risasi unalishona kabla ya kuwamba, kwa ndani, kwa uzi wa nta. Lile langu la kuingiza ngumi lilinishinda siku ile, mikono ilikufa ganzi kwa baridi. Tukaikunja ngozi tukaitia kwenye friza la mzee.

#5 DadaMinneapolis

Kaka MchunaNgozi, asante kwa kueleza kinagaubaga. Mimi nina miaka tisa Minnesota, nimetokea Kisumu. Nilipofika, dada mmoja wa kanisani alinipa koti lenye manyoya kwenye ukingo wa kofia. Nilidhani ni ya plastiki mpaka fundi wa kufua nguo aliponiambia ni koyote. Nilishtuka, lakini siwezi kudanganya, hakuna koti lililonikinga na upepo wa huku kama hilo. Kwa nini wametumia mnyama huyu?

#6 MchunaNgozi

Dada, shika manyoya hayo uyatazame kwa karibu. Hayalingani urefu. Yapo mafupi mazito chini, na marefu magumu yanayopita juu. Upepo ukifika usoni unavunjika humo, na pumzi yako ikiganda barafu juu yake ukikung'uta inadondoka. Ndiyo maana watu wa nchi za theluji walipenda ukingo huo tangu zamani.

Na koti kama hilo ndilo lililobeba biashara hii yote. Kampuni ya Canada Goose ya Toronto ilikuwa ikitumia manyoya ya koyote kwenye kofia za makoti yake, na mtindo ukaenea dunia nzima. Mzee anasema miaka ile ngozi nzuri ya huku, ile yenye tumbo jeupe na manyoya marefu, ilifika dola 100 na zaidi. Vijana walikuwa wanaacha vibarua kwenda kuwinda. Kisha mwaka 2019 mnada mkubwa wa ngozi wa Toronto ukalemewa na madeni ukaanguka. Juni 2021 Canada Goose wakatangaza kwamba wataacha kununua manyoya mwishoni mwa mwaka huo, na kuacha kuyatumia kabisa kiwandani mwishoni mwa 2022.

Mnunuzi wa ngozi huku anapita na lori kwa ratiba, mji huu saa tatu, mji ule saa tano, anaegesha kituo cha mafuta watu wanapanga foleni. Nilisimama kwenye foleni hiyo na mzee Januari. Mnunuzi anashika ngozi kichwani kwa mkono mmoja, mkia kwa mwingine, anaikung'uta mara moja, manyoya yanasimama. Anapuliza katikati kuona chini. Kama koyote alikuwa na ukurutu, pamebaki mabaka, anaitupa pembeni bila neno. Ikiwa ameuawa Februari, manyoya ya mabegani yameshasuguka, bei nusu. Ngozi bora kabisa ya mzee, aliyoiparura mpaka usiku wa manane, alipewa dola 22. Za wengine 8, 10. Mmoja alileta mzima mzima hajachunwa, akapewa dola 5.

Hesabu mwenyewe. Risasi, mafuta ya gari, saa mbili za kuchuna na kuparura. Sasa mnaelewa kwa nini wanaachwa porini.

#7 Mpare wa Same

Mimi nafuga mbuzi, sitazunguka. Mbweha akiingia zizini wakati wa kuzaa, anakuchukulia vitoto vitatu kwa usiku mmoja. Watu wa mjini wanaona ni mnyama mzuri wa picha. Hao wafugaji wa Nebraska nawaelewa. Ila nashangaa kitu kimoja: kama wanaua mwaka mzima bila kibali, mbona hawaishi?

#8 MchunaNgozi

Mzee Mpare, shikamoo. Swali hilo nimemuuliza kila mtu. Serikali kuu yenyewe ina idara ya kuua wanyama wanaosumbua mifugo, iko chini ya wizara ya kilimo. Kuna miaka imeua koyote zaidi ya 60,000, wengine kwa bunduki kutoka kwenye ndege, na hao wa ndege mara nyingi hubaki walipoanguka. Hapo hujawahesabu wa wawindaji binafsi. Na bado wapo, wameingia hadi Chicago na New York mjini.

Wataalamu wa California walipiga hesabu mwaka 1975 wakasema ili idadi ipungue kweli, lazima uue kama asilimia 75 kila mwaka, tena mfululizo. Ukiua chini ya hapo, waliobaki wanapata chakula cha kutosha, majike wadogo wanaanza kuzaa mapema, na watoto wengi zaidi wanapona. Kwa hiyo mfugaji anayemlenga yule mmoja aliyezoea ndama wake, wakati wa kuzaa, nampa haki yake. Anayeua arobaini kwa wikendi moja kwa ajili ya zawadi ya mashindano ya kuua koyote, huyo hana habari na ndama.

#9 Ukweli Mtupu

Umegusa penyewe. Nimeona video za hayo mashindano, malori yamejaa mizoga imepangwa kwa safu, watu wanapiga picha, kisha inatupwa jalalani. Huo ni uwindaji gani? Babu yangu alikuwa Mhadzabe kwa upande wa mama. Alikuwa akiua kitu, mpaka mshipa wa mguu ulitumika kufunga upinde.

#10 MchunaNgozi

Ukweli Mtupu, hatupishani. California ndiyo ilianza kupiga marufuku zawadi za mashindano hayo, mwaka 2014. Vermont ikafuata 2018, kisha New Mexico, Arizona na Massachusetts 2019, Colorado na Washington 2020, Maryland 2021, na New York mwishoni mwa 2023. Nebraska bado yanaruhusiwa. Mzee wangu haendi. Alikwenda mara moja, akaona mzigo mzima ukimwagwa kwenye mtaro kando ya barabara ya vumbi, akarudi nyumbani. Kutupa mzoga barabarani au kwenye shamba la mtu ni kosa kisheria, lakini usiku nani atakuona.

#11 BongoUtah

Niongeze ya kwangu. Mimi niko Utah. Huku jimbo linalipa dola 50 kwa kila koyote, tangu sheria ya mwaka 2012 ya kulinda swala wanaoitwa kwa Kiingereza mule deer. Unajisajili, unarekodi mahali ulipomuulia, kisha unapeleka taya la chini na ngozi ya kichwa ikiwa na masikio yote mawili. Kwa hiyo huku ukitembea nyikani utakuta mzoga mzima umekamilika, manyoya yote, umekosa kichwa tu. Mara ya kwanza nilidhani ni uchawi. Niliacha kupita njia ile wiki mbili, mpaka mwenye nyumba wangu aliponieleza.

#12 Kibatari

Na hiyo mizoga inayoachwa, si inaliwa na ndege na wanyama wengine? Mimi naona hakuna kilichopotea. Hata Serengeti simba akibakisha, fisi na tumbusi wanamaliza.

#13 MchunaNgozi

Kibatari, hapa ndipo hasa nilipotaka tufike. Nami niliwaza kama wewe. Nilimwambia mzee hivyo hivyo, tukauacha mzoga uliochunwa karibu na kinu cha upepo kinachovuta maji ya ng'ombe. Asubuhi ya pili kunguru walikuwepo. Ya tatu, tai wawili, mmoja kichwa cheupe na mwingine wa dhahabu. Nilifurahi, nikapiga picha nikamtumia mama.

Baada ya wiki mbili tulirudi kutazama maji kama yameganda. Yule mwenye kichwa cheupe alikuwa chini, kama hatua ishirini kutoka kwenye mifupa. Mabawa yameanguka kama mtu aliyevaa koti la kaka yake mkubwa. Kichwa hakisimami. Vidole vimejikunja ngumi, na kinyesi chake juu ya theluji kilikuwa kijani kibichi. Nilimsogelea mpaka mita moja, hakujaribu hata kuruka. Alinitazama kwa jicho moja la njano.

Mzee alijua kabla hajasema mtu. Alisimama akavua kofia. "Ni risasi yangu," akasema.

Tulipiga simu kwa maofisa wa wanyamapori, kwa sababu tai wa kichwa cheupe huku huwezi kumbeba hivi hivi, analindwa na sheria tangu 1940. Wakaja wakampeleka kwenye kituo cha kutibu ndege. Walipima damu, imejaa sumu ya madini ya risasi (kwa Kiingereza lead). Alikufa siku ya nne.

Sasa sikilizeni namna inavyotokea. Risasi za kuwindia nyingi kiini chake ni madini ya risasi, na ikigonga mfupa kwa kasi ile inapasuka vipande vidogo vidogo, vingine huvioni kwa macho, vinatawanyika kwenye nyama mbali na tundu. Tai anameza nyama, tumbo lake ni kali, linayeyusha. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kumuua. Februari 2022 ulichapishwa utafiti wa tai 1,210 kutoka majimbo 38. Karibu nusu yao walikuwa na dalili za sumu hiyo kwenye mifupa, maana yake wameila kwa muda mrefu, tena na tena. Na hula mizoga zaidi wakati wa baridi, ndio wakati huo huo wa koyote.

Serengeti simba hana bunduki, Kibatari. Anachobakisha ni nyama tupu.

#14 Sharifu wa Makadara

Subhanallah. Hii imenikumbusha ya kwetu. Mfugaji anapakaza sumu ya kilimo, ile iliyokuwa ikiitwa Furadan, kwenye ng'ombe aliyeuawa na simba, anakusudia simba. Kesho yake unakuta tumbusi wamelala chini makumi, mabawa wazi. Anayekusudiwa mara nyingi hata hakufika.

#15 Mpare wa Same

Marahaba MchunaNgozi. Sasa huyo mzee alifanyaje baada ya hapo? Aliacha kuwinda?

#16 MchunaNgozi

Hakuacha. Ndama walikuwa wanakaribia kuzaliwa. Lakini wiki ile ile alikusanya risasi zake zote, maboksi sita, akazipeleka kwa mwenye uwanja wa kulengea shabaha. Akanunua za shaba tupu. Ni ghali zaidi, lakini shaba haipasuki vipande, inafunguka kama ua na kubaki kitu kimoja. California wamelazimisha hivyo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Huku kwetu ni hiari.

Na mizoga yote ya zamani tuliyokumbuka ilipo, tulizunguka nayo Jumamosi nzima na toroli la kufunga nyuma ya trekta. Tulipata kumi na moja. Ardhi ilikuwa imeganda, jembe halipenyi, ikabidi achimbe shimo kwa mashine. Mmoja alikuwa ametundikwa kwenye uzio na baba yake mzee mwenyewe, umebaki ngozi kavu na meno. Aliusimamia kidogo, halafu akakata waya.

#17 DadaMinneapolis

Nimelia hapo kwa tai. Kaka, na nikitaka kumletea mama ngozi moja Kisumu aweke sebuleni, nitapita?

#18 Wakili Msomi

Dada, usijaribu bila karatasi. Ukitoka Marekani na ngozi ya mnyamapori unapaswa kuitangaza kwa idara yao ya samaki na wanyamapori. Ukifika Kenya, au hata ukishukia Tanzania, afisa hatajua ni koyote au ni mbweha. Tanzania kukutwa na sehemu yoyote ya mnyamapori bila kibali ni kosa, hizo ni nyara za serikali kwa sheria ya mwaka 2009. Kenya uwindaji ulifungwa tangu 1977 na ukali wao mnaujua. Mnunulie mama shuka.

#19 Ukweli Mtupu

MchunaNgozi, ile ngozi ya kwanza ya tundu kubwa iliishia wapi? Usije ukatuambia bado iko kwenye friza.

#20 MchunaNgozi

Ilikuwa kwenye friza, mkuu, mpaka jana jioni nilipoitoa, ikayeyuka taratibu kwenye beseni la maji baridi jikoni kwangu, mke wangu amehamia kwa dada yake mpaka kesho. Mnunuzi hataitaka, hilo najua. Mzee ana mjukuu wa miaka sita anayesubiri basi la shule barabarani asubuhi na mapema, na kofia yake ni ya pamba. Fundi wa kutengeneza ngozi mji wa jirani amekubali kuipokea, safari hii kwa chumvi kama alivyonifundisha baba. Mgongo unatosha kofia, na mkia mtoto ameshauomba.

Nimeshaparura. Nimepima tundu, ni vidole vinne kwa vitatu. Naanza kushona usiku huu, kwa ndani, mshono wa karibu karibu, ili manyoya yakilala lisionekane.